Fundi Baridi, Haikuwa Gesi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu karakana yako ikose mtu wa kutega sikio kwenye mgongo wa friji.

Kwa miaka thelathini na moja wateja walikuita Fundi Baridi. Walifika na jibu tayari mdomoni: gesi imeisha. "Hiyo ni ramli, mama," ulisema. "Ngoja nisikilize kwanza." Ulifumba macho, shavu kwenye bati, bisibisi ingali mfukoni. Mara nyingi gesi ilikuwepo. Kila friji uliifungia kadi yenye mistari miwili: alichosema mteja, na ulichokikuta.

Ulikuwa mpole hata kwa waliokusumbua. Friji ya jirani yetu mjane uliitengeneza mara tano, na kila mara ulikataa malipo, ukimwambia bado unajifunza.

Madaktari waliuondoa umio wako, njia ya chakula, uliokuwa na saratani, wakauvuta mfuko wa tumbo hadi kifuani uchukue nafasi yake. Ulipona. Ukawa unakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, kwa kufuata saa. Ulisema umerudi chekechea.

Mwezi wa kumi na tisa baada ya upasuaji huo, ulisukuma sahani kando. "Jamani, tumbo limehama. Linanguruma huku kifuani, na chakula hakishuki."

"Kaka, hata tumbo limekuchoka?" Shangazi alikutania. Tulicheka sote.

"Ni gesi tu, mzee," Mama alisema. "Kunywa maji ya moto."

"Na ninyi mmeanza ramli." Lakini ulikunywa. Ulikunywa kwa wiki tatu.

Asubuhi ya Jumanne ulitapika, ukashindwa kuvuta pumzi. Daktari aliweka kipimo chake upande wa kushoto wa kifua, akasikiliza kwa muda mrefu. Akauliza ulianza lini kulalamika. Mama alimwambia ukweli. Wewe ukasogeza barakoa ya oksijeni: "Usiwagombeze, daktari. Kazi ya kusikiliza ilikuwa yangu."

Ulifanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Ulifariki Alhamisi.

Hatukubaliani nawe, Baba. Kazi hiyo ilikuwa yetu pia. Kwa hiyo tumekujazia kadi, kama ulivyotufundisha. Tulichosema: gesi. Kilichokutwa: ngiri ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Upenyo ulioachwa na upasuaji wa kwanza ulipanuka, utumbo ukapanda kifuani, ukajisokota, ukakosa damu. Saratani haikuwa imerudi.

Tunaiweka kadi hii hapa ili isomwe na wengine. Mtu aliyepasuliwa kama wewe akisema chakula hakishuki na kifua kinauma au kinanguruma, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama amesema kwa utani.

Unakumbukwa na mke wako. Dada yako, ambaye hajatania mtu tangu siku ile. Sisi wanao watatu. Na wajukuu, ambao bado wakipita jikoni huegemeza shavu kwenye friji.

Daima tutakukumbuka, Baba, na tutasikiliza kwanza.