Uzi Yenye Ilikatika

Aline, mujukuu wangu,

Nakusalimia. Huku Bukavu ni mvua tu. Tonton wako, mutoto wangu mwanaume, alihamia Kavumu, nyumba imebakia na miye na paka. Usiniulize zaidi.

Unataka kujua nani alinifundisha kusokota manyoya ya kondoo. Ni maman yangu, kule Mudaka. Tulifua manyoya, tukaianika mu jua, tukaichambua na vidole. Kisha akanipa kijiti cha kusokotea. Uzi ikakatika, nikafunga fundo haraka. Maman akaikata ile fundo.

"Uzi ya manyoya haifungwake, mutoto. Fungua ncha zote mbili zirudilie kuwa manyoya, uziunganishe, njo usokote tena."

Nikafanya vile. Sikuona tena fasi yenye ilikatikia.

Sasa kondoo zilibebwa zote na wezi, hata za majirani. Na wewe umeniandikia kwamba haurudi tena. Kijiti iko hapa kitandani, uzi yangu ya mwisho ilikatikia juu yake. Nilifungua ncha yake muzuri, vile maman alisema.

Nimeikamata tangu asubuhi, Aline. Ncha ya pili sina.

Koko wako