Mbwa Aliyefunikwa Kaniki

Jumapili, 4 Agosti 1935

Nimerudi kutoka mahame na paka wa saba. Huyu ana sikio moja na upele mpaka mkiani. Nimempaka salfa na samli, akanikwaruza hadi kwenye kiwiko, kisha akaenda kulala ndani ya kofia yangu. Sasa sina kofia.

Dresa wa malale, mtibu wa ugonjwa wa usingizi, anaingia porini kufuata paka! Baba akisikia, huko dukani kwake Biharamulo, atasema babu hakutoka Pangani kwa miguu ili mjukuu awe mchunga paka. Aseme.

Watu wa vijiji vile vilivyobaki mahame walihamishwa mwaka jana kwa ajili ya malale, wakaletwa hapa upande wa Kaniha, nyumba zimepangwa kwa mstari kama askari. Walibeba vinu, mbuzi, hata milango. Paka hawakubebeka. Kila nikipita kule nawakuta wamekaa vizingitini, kimya, wanatazama njia. Nyasi zimeota vyumbani. Jua linaingia kwa matundu ya paa na kutembea ukutani taratibu. Nikikaa kidogo nasahau nilichofuata. Hata mbung'o akinichoma nachelewa kumpiga.

Jumanne, 6 Agosti

Kwenye kizuizi cha mbung'o leo Theonest kanikuta na mbung'o wanne mgongoni. Kazi yake ndiyo hiyo: kila atokaye porini husimama chini ya kibanda, hugeuka, naye humpitishia wavu mwilini mpaka mbung'o wa mwisho anaswe. Asiruhusiwe hata mmoja kuingia kwenye makazi. Akanung'unika kwamba namletea kazi ya wiki nzima kwa siku moja. Tena leo nilivaa kanzu nyeupe! Mimi ndiye ninayewaimbia akina mama kila Ijumaa: msivae kaniki mkienda kuni, mbung'o anaifuata nguo nyeusi kama nzi na asali. Hawanisikii. Kaniki haionyeshi uchafu, wanasema.

Kisha Theonest akanipa habari. Jumatatu ya tarehe 19 mahame yote yatachomwa moto, vichaka vife na mbung'o wakose pa kukaa. Na mbwa yeyote atakayetokea upande ule apigwe risasi, maana damu ya mbwa wa kule ina ugonjwa. Paka hawakutajwa.

Siku kumi na tatu. Waliobaki ni wangapi? Sijui. Nimewahesabu mara tatu na kila mara nimepata idadi nyingine.

Ijumaa, 9 Agosti

Paka wa Bibi Auleria, jirani yangu aliyehamishwa kutoka kule, katoroka tena. Mara ya pili! Nilimleta mwenyewe ndani ya tenga la kuku, mwendo wa saa tatu, akilia njia nzima. Kakaa siku mbili. Leo asubuhi hayupo.

Na hao wengine wametulia kwa akili ya bibi huyuhuyu. Yeye ndiye aliyenifundisha: chota jivu la jiko la zamani, limwage kwenye jiko jipya, paka atanusa na kujua kafika kwake. Nilicheka. Nikafanya. Sita wametulia hivyo, wamelala jivuni wamekuwa weupe kama maiti. Wake peke yake ndiye aliyelinusa, akapiga chafya, akaondoka.

Nilimkuta bibi mkekani, uso kaelekeza njiani. Shikamoo bibi. Marahaba mujukuu. Ugali wake wa mtama wa jana ulikuwa bado chini ya kawa, haukuguswa. Mumewe alizikwa kule miaka miwili iliyopita, nyuma ya nyumba. Akaniambia, bila kunitazama, "Mimi wamenihamisha. Muzee wamemuacha. Na paka imechagua muzee."

Nilikula ule ugali mimi, ili usitupwe.

Jumatano, 14 Agosti

Nimejua kwa nini!

Nilifika saa nne, ukungu ulikuwa haujanyanyuka vizuri. Nilikaa kwenye kinu kilichopasuka, mbele ya nyumba ya zamani ya bibi, nikawa kama niliyelala macho wazi. Nikamwona paka wake, yule wa kijivu, akitoka porini na panya mdomoni. Hakumla. Akaingia naye ndani. Nikamfuata.

Kulikuwa na mbwa. Kalala pembeni, uso umevimba, macho yote mawili meupe kama maziwa. Paka akaweka panya mbele ya pua yake, kisha akajikunja katikati ya miguu yake ya mbele. Mbwa haoni. Shingoni ana kipande cha kamba ya mkonge kilichozama ndani ya nyama. Nilipopiga hatua alinguruma kidogo, halafu akachoka kunguruma.

Nimerudi nikamuuliza Bibi Auleria. Mbwa ni wa marehemu mumewe. Siku ya kuhama walikatazwa kubeba mbwa wagonjwa, shemeji yake akamfunga kwenye nguzo, na yeye akajifunika uso ili asione. Alidhani kafa siku nyingi. Aliniuliza mara mbili kama kweli anapumua.

Naandika hapa ili iwe wazi: mbwa huyu si kazi yangu. Mimi ni mtu wa paka. Tena nina udhu wangu, na mate ya mbwa ni najisi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimejifunza kupiga mluzi. Mbwa hana jina, mume wa bibi alikuwa akimwita kwa mluzi tu, sauti tatu, ya mwisho inapanda. Bibi hana meno ya mbele, pumzi inamtoka bure. Basi anaimba kidogo kwa puani, mimi napiga, ananikatalia. Tena. Ananikatalia. Mchana wote. Karibu na alasiri nikaipata, naye akageuza kichwa haraka kuangalia mlangoni, kana kwamba kuna mtu anaingia. Kisha akacheka na kufuta macho.

Kesho naenda. Keshokutwa ni moto.

Jumapili, 18 Agosti

Nimemtoa!

Nilipiga mluzi nikiwa bado uani. Alitoka mwenyewe, akijigonga kwenye nguzo, mkia unatikisika, akaja moja kwa moja mpaka akanusa magoti yangu. Akajua si bwana wake. Hata hivyo hakurudi nyuma. Nilimkata ile kamba kwa wembe na kumwosha kidonda kwa dawa ya zambarau, hakuniuma. Ni mwepesi. Nilimbeba mabegani kama mbuzi. Paka akatufuata nyuma, bila tenga, bila kulia, mkia juu njia nzima. Wiki zote hizi namsumbua na jivu!

Bibi alikuwa amenipa kaniki yake nimfunike. Heri alinipa, kwani kwenye kizuizi walikuwapo watu wa jumbe wanaojiandaa kwa moto wa kesho, na mmoja ana bunduki. Nikasema nimebeba kuni. Kuni zikakohoa. Theonest akaona mguu wa mbwa ukining'inia, akaninong'oneza nipite, upesi, upesi. Nikapita.

Alipomsikia mbwa mlangoni, Bibi Auleria alisimama bila fimbo. Hawakupiga kelele, si yeye wala mbwa. Mbwa aliweka kichwa chake chote ndani ya nguo zake.

Nimenawa mara saba, moja kwa udongo. Nimechoka na nina furaha kubwa mno, nashindwa hata kukaa.

Jumatatu, 19 Agosti

Moto. Tangu asubuhi mbingu za upande ule ni nyekundu na kahawia, na majivu yanatuangukia polepole, mepesi, yanakaa juu ya nywele za watu. Hakuna anayefanya kazi. Wanawake wamekaa nje wakiyaokota kwa vidole, wanabishana: hili ni la paa la kwetu, hapana, la kwenu lilikuwa la nyasi nene. Paka saba na mbwa mmoja wamelala uani kwangu na kwa bibi, kama vile hakuna jambo.

Bibi kala sahani nzima. Akaomba ya pili.

Alhamisi, 22 Agosti

Bibi Auleria kaniita nikaone alichoua. Alikuwa amekiweka juu ya jani la mgomba, anajivuna. Kilikuwa kimemchoma mkono akiwa anasonga, akakipiga na mwiko.

Mabawa yamelaliana, moja juu ya jingine. Mbung'o.

Ndani ya makazi. Jikoni kwake. Kaniki imetundikwa ukutani pale pale.

Yalinijia yote kwa mara moja. Jumapili ile wavu haukunigusa. Theonest alinipitisha mbio, nami nikapita mbio, na mgongoni nina mbwa mwenye damu mbaya aliyefunikwa nguo ambayo mbung'o wote wa pori lile wanaipenda. Mimi! Mimi ninayewaimbia kila Ijumaa!

Nilimwambia bibi ni vizuri kaua. Nikatoka. Nilikaa nyuma ya dispensari mpaka miguu ikafa ganzi.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimepitisha wavu kwenye nyumba zote za mstari wetu. Sikupata wengine. Labda alikuwa mmoja tu. Labda hakuwa na kitu.

Kaniki nimeichoma. Bibi kaninunia.

Jumapili, 1 Septemba

Mkono wa bibi umevimba pale pale alipochomwa, pekundu, pagumu. Yeye anasema ni jipu. Nimekubali kwamba ni jipu. Muongo mimi.

Nimemweleza Theonest. Alikaa chini kwenye kibanda chake, wavu magotini. Ana watoto watano. Akaniomba, dresa, ukisema, usinitaje. Sikumlaumu. Nilimuona mdogo sana pale, na nikajiona mdogo zaidi yake.

Mbwa anakula ini na uji. Uvimbe wa uso umepungua kidogo, ila macho ni yale yale. Akisikia hatua zangu anapiga mkia chini. Nampenda. Haya, nimeandika.

Jumatano, 4 Septemba

Homa imempanda bibi tangu jana, na tezi za shingo zimetokeza. Nimemtoa damu kidoleni. Baadaye nikamtoa na mbwa, sikioni, sijui kwa nini, nilitaka kujua yote.

Nimeziweka kwenye hadubini moja baada ya nyingine. Wapo, vijidudu vya malale. Wanaogelea, wanajinyonga polepole kati ya chembe za damu, na chembe zinatikisika wanapopita. Miaka yote nimekuwa nikiwaona wazuri, Mungu anisamehe, kama kitu unachokiota. Nilibadilisha vioo mara nyingi hata nikachanganyikiwa, na kwa kuangalia tu sikuweza kusema ipi ni damu ya bibi na ipi ya mbwa.

Nimemtuma mtu kwa baiskeli Biharamulo. Lori la hospitali litakuja keshokutwa, na daktari mwenyewe.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwambia bibi ukweli wote. Wavu, kaniki, mbung'o. Nilipiga magoti. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya mbwa. Kisha akauliza kama kule hospitali wanapona. Nikasema wanaowahi wengi wanapona, na yeye kawahi. Akauliza na mbwa je. Nikainuka.

Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nisiondoke bila kunywa uji.

Ijumaa, 6 Septemba

Saa mbili asubuhi. Ukungu. Ripoti ya kumpa daktari nimeimaliza. Kwenye swali la mbung'o kaingiaje nimeandika: nilimleta mimi, na mbwa niliyemtoa mahame. Jina langu tu. Theonest alisimama mlangoni nilipokuwa naandika, akaondoka, akarudi na maziwa ya bibi ya safari.

Kabatini kuna dawa ya mtu mmoja. Imewekwa kwa ajili ya mgonjwa anayesafirishwa, apate sindano ya kwanza kabla ya kupanda lori. Hospitalini zipo dawa nyingine. Kwa mbwa hakuna nyingine popote. Daktari akisoma ripoti atataka kumwona mbwa. Mbwa aliyechomwa sindano pengine nitamtetea. Ambaye hajachomwa ni wa risasi tu, na kwa haki, maana damu yake ni hatari kwa kila nyumba ya mstari huu. Ila jioni homa ya bibi ikipanda njiani, na dawa nimempa mnyama? Nitasema nini? Nitajiambia nini?

Nimechanganya unga wa dawa na maji. Nimevuta yote kwenye sindano. Nilimfunga bibi mpira mkononi, mshipa ukasimama vizuri. Akautazama, akaufungua mwenyewe, taratibu, akaniwekea kiganjani.

"Mimi nina rori," akasema. "Yeye hana rori."

Nikamwambia amri inasema mgonjwa kwanza. Akajibu kwamba aliyeandika hiyo amri hakumjua mumewe. Nikamwambia, bibi, unaweza kufa. Akasema alikwishajifunika uso mara moja, hajifuniki tena.

Sindano iko kwenye sahani, juu ya pamba. Naandika haya kabla sijaishika. Bibi kakaa sakafuni, kichwa cha mbwa mapajani, paka kalala juu ya furushi la bibi la safari. Nasikia lori linapanda kutoka bondeni, linabadilisha gia. Kwenye paja la mbwa kuna pahali pamenyolewa, padogo, pasafi, na wembe wangu wa ndevu uko chini una manyoya. Sikumbuki nimemnyoa saa ngapi.