Paka wa Ghala na Mimba ya Neema

Alhamisi, Itigi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Leo wataalamu wa wanyama wamemaliza kutega paka kwenye ghala la ushirika. Ghala lilifungwa soko huria lilipoingia. Sisi wafagiaji tukarudi nyumbani, paka wakabaki. Wamezaliana humo mpaka wamekuwa wa porini kabisa. Mimi ndiye nimeendelea kuwapelekea makombo. Mtaani wananiita Mama Paka, nami hucheka.

Leo sikucheka.

Binti mmoja kati ya wataalamu hao aliniamkia vizuri, akanieleza wanachotafuta. Kuna kimelea kisichoonekana kwa macho, kinakaa kwa paka wa ghalani na hata kwa paka pori wa huko vichakani.

"Jina ni moja, mama, ila koo zake ni nyingi, kama za watu. Nyingine hazina shida sana, nyingine kali. Tunapima tujue zipi ziko wapi."

Nikamuuliza sisi kinatupataje.

"Kwa kinyesi cha paka kwenye udongo. Mikono, mboga zisizooshwa. Mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza, mimba inaweza kuharibika."

Nikaitikia tu, "Haya, mwanangu." Mawazo yakakimbilia bustanini.

Maana mbolea ya bustani yetu ya mchicha na nyanya naitoa ghalani. Pumba za zamani, vumbi na mavi ya paka, vyote pamoja. Niliona nimepata cha bure. Na anayeimwaga kwa mikono ni Neema, mke wa mwanangu, kwa kuwa mimi nilimwagiza. Mkwe hakatai kazi ya mama mkwe.

Mwaka jana mimba yake ilitoka. Nilimshika mkono nikamwambia ni mapenzi ya Mungu.

Sasa sijui kama nilimsingizia Mungu.

Ana mimba nyingine. Jioni hii nimemnyang'anya karai la mbolea, akacheka: "Mama, leo umeota nini?" Nikalipeleka karai nyuma ya nyumba. Rozari nimesali, maneno hayaendi popote.

Yule binti nilimuuliza kuhusu mimba iliyotoka, akasema huenda ni hicho kimelea, huenda sicho. Kama Neema alikipata zamani, mwili umeshakizoea na mimba hii haina hatari kubwa; damu ikipimwa itajulikana. Lakini nitampelekaje kupimwa bila kumwambia sababu?

Naogopa macho yake kuliko ninavyoogopa kuungama.

Kesho nitamwambia akiwa bado anakunywa uji, kabla sijapata kisingizio. Halafu tutaongozana hospitali, kama atakubali kutembea na mimi.