Steki ya Baba Mkwe

Jumapili

Steki niliikaanga vizuri, anayebisha aje! Baba mkwe amekuja leo kutoka Gorong'a, na kwa Wakurya mke wa mtoto hakai kula na baba mkwe. Kwa hiyo yeye na mume wangu Chacha walikula sebuleni, mimi nikabaki jikoni na sahani yangu.

Sahani ya baba mkwe ikarudi. Viazi nilivyoponda kwa maziwa na siagi amemaliza vyote, nyama hajaigusa. Mkurya anaacha nyama! Nilikasirika, halafu nikaogopa. Labda mpaka leo ananiona mgeni tu, mtu wa Mbeya.

"Meno ya nyuma yameisha," Chacha akaja jikoni kuninong'oneza. "Anaona aibu kusema."

Maskini mzee wangu. Nikaikatakata ile nyama, nikaitwanga kwenye kinu, nikaichanganya na viazi vilivyobaki sufuriani na mchuzi wake.

Safari hii sahani ilirudi kama imeoshwa. Kisha nikamsikia nyuma ya pazia, akipaza sauti makusudi nisikie:

"Chacha, mwambie binti yangu nimeshiba."

Siku zote mimi huwa ni "mke wako".