Makaa Yaliyobaki

Mwenzangu, pokea simu.

Nusura nimuue mama mkwe. Mimi, kwa mikono yangu mwenyewe.

Unajua nisivyopenda makaa yaungue bure. Nilipoepua sufuria nikaingiza jiko chumbani kwake, nguo za watoto zikauke na yeye apate joto, maana mvua haijakatika tangu asubuhi. Nikafunga dirisha ili joto lisitoke. Yeye kajilalia zake.

Narudi kumwamsha ale, haamki. Namtikisa, haamki. Mwenzangu, haamki.

Nikamburuta mpaka barazani huku napiga kelele. Jirani yetu nesi akaja mbio, akaliona jiko, akaniuliza, "Umemfungia na hilo?" Nikamwambia halikuwa na moshi hata kidogo. Akasema, "Ndiyo maana linaua. Hewa yake huioni wala huinusi."

Ameshafumbua macho, ametapika, tuko hospitali. Daktari anasema atapona.

Lakini wewe nimekupigia mara sita, hupokei. Juzi ni mimi niliyekufundisha kuingiza jiko chumbani kwa mtoto. Na huko kwenu pia mvua inanyesha.

Toa hilo jiko nje. Nijibu, tafadhali.