Tangi Alilolishusha Kaka

Chumba cha chini, nyuma ya ngazi,
Nyumba yetu ile ile.
Tarehe 8, mwezi wa tatu, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako wa katikati, yule mwenye mdomo. Hujambo wewe? Mumeo naye? Goti lake limeacha kulia kama mlango mbovu? Sisi huku tu wazima. Miguu yangu ni ile ile, mmoja unataka kwenda, mwingine unataka kukaa, nami kazi yangu kuisuluhisha.

Barua yako imefika. Unasema unakarabati bafu, na kaka yetu mkubwa amekusifia kwenye simu bomba lake jipya la mvua, lile pana kama sinia, nawe unataka la namna hiyo. Usinunue. Nitakueleza kwa nini, ila ukimaliza kusoma ufunge mdomo.

Tulipogawana nyumba baada ya msiba wa mama, wewe ulikuwa umeshasafiri. Kaka alijichukulia ghorofani, pamoja na chumba cha mama chenye roshani, bila hata kuniuliza. Jirani mmoja akamwuliza, na mdogo wako je? Akajibu mbele ya watu, "Huyo chini panamtosha. Miguu yake imeshakufa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Lakini neno lile nililimeza na mifupa yake.

Basi alipopata roshani, kichwa kikavimba. Siku hizi namwita Bwana Ghorofani. Tangi la maji, lile lililokaa juu ya mnara wa vyuma, akasema linaharibu sura ya nyumba. Akaagiza lishushwe mpaka kwenye paa la zege, juu kidogo tu ya utosi wake anapooga. Fundi bomba akamwambia, "Mzee, maji yanapata nguvu kwa kushuka. Ukiyapunguzia kimo yatakuja yanajikongoja." Kaka akasema, "Maji ni maji." Mimi nilikuwa nimekaa pale ngazini. Nilijua fundi anasema kweli. Sikutia neno.

Halafu ndio akanunua sinia lake. Matundu mengi kama chekeche, maji yenyewe kidogo. Kila tundu likapata tone lake, likaning'inia. Mimi huku chini nina kile kichwa cha zamani cha bomba la mvua, kidogo kama ngumi, na maji yananishukia kutoka ghorofa nzima. Yananichapa mgongo mpaka najiona kijana wa kuposa.

Utamu uko hapa. Nikifungua koki yangu ya chini, yale machache ya juu yanakatika. Kwa hiyo kila asubuhi natega sikio. Kaka akioga lazima aimbe, unaijua sauti yake, mbuzi mwenye mafua. Namwacha ajipake sabuni. Wimbo ukikolea, nafungua koki nijaze ndoo ya kufulia. Wimbo kimya. Nafunga, anaanza tena, nafungua. Kwani kuteka maji nyumbani kwetu ni kosa?

Shemeji, mkewe, alinigundua zamani. Sasa anakuja kuoga kwangu (mimi nakaa nje, usinifikirie vibaya), wala hajamwambia mumewe kitu. Aliniambia tu, "Shemeji, una roho mbaya wewe," kisha akaniomba ndala.

Jana Bwana Ghorofani akashuka mwenyewe. Nilimsikia anapapasa ukuta wa ngazi. Akagonga.

"Nani?"

"Fungua bwana, sabuni inaniwasha macho."

"Ningefungua, kaka. Lakini miguu yangu imeshakufa."

Akaacha kupapasa mlango. Nikajua amelikumbuka neno lake.

"Mdogo wangu, yale yalikuwa maneno tu."

"Na haya ni maji tu."

Nilimfungulia mwishowe, polepole, kama anavyofungua mtu aliyekufa miguu. Alikuwa na povu mpaka kwenye nyusi. Akaoga, akatoka ananukia, akashukuru kwa maji. Kuhusu neno lile, hakusema kitu. Basi leo asubuhi nimefungua koki tena.

Wewe sasa, kabla ya kwenda dukani, panda kwenye kiti bafuni, kinga ndoo pale pale bomba la mvua litakapokaa, asubuhi wakati kila mtu anateka. Koki ya bustani isikudanganye, ile iko chini, lazima itoke kwa fujo. Ndoo ikijaa kwa kusuasua, chukua kichwa kidogo chenye matundu machache, au mwambie mumeo ainue tangi lenu. Ukubwa wa sinia hauleti maji.

Kaka atakupigia simu kuuliza dawa. Mwambie abadilishe sabuni. Ule mnara wa vyuma tuliuegemeza ukutani nyuma ya nyumba, nami nimefunga kamba yangu ya nguo pale. Siku atakapowaita majirani wale wale, akasema mbele yao kwamba alinikosea, nitaanua nguo zangu kwa mkono wangu mwenyewe ili tangi lipande. Kabla ya hapo, soksi zangu bado mbichi.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako, na wajukuu wote hata yule mkorofi aliyenirithi. Mungu akujalie afya, na maji yanayoshuka kutoka juu sana.

Nikomee hapa. Wimbo umeanza.

Akupendaye bila kupungua,
Kaka yako wa chini