Magoti ya Mosunmola

Oke-Ola,
Iseyin.
9 Machi 2014

Mpendwa wifi yangu mkubwa, Mama Olabimpe,

E ku ojo meta. Salamu ya siku tatu hiyo, na sisi hatujaonana miaka kumi na mmoja. Shikamoo, wifi. Mguu umeacha kuvimba? Wajukuu wa huko Kano hawajambo? Sisi tupo, mdogo wako anakohoa kidogo tu.

Wifi, nina shida.

Mosunmola wetu amepata mchumba, Gbolahan, kijana wa Oyo. Juzi nilimpeleka kwao akaonekane. Tulimkuta bibi wa kijana amekaa barazani, anamenya mbegu za tikiti. Mtoto badala ya kupiga goti na kusema e ku ise, salamu ya mtu aliye kazini, akasimama wima, akampa bibi mkono kama mtu wa benki! Bibi akaendelea kumenya. Mkono ukabaki hewani.

Shangazi wa kijana akadakia, "Jamani, huyu mkwe au mkaguzi? Magoti yametiwa saruji?" Wakacheka, hata watoto.

Bibi hakucheka. Akasema, "Mtoto hana kosa. Nani alimlea?"

Mimi nilikuwa pale pale, nimepiga goti, na gele langu jipya kichwani.

Wifi, wewe unajua jibu. Ulipokuja kututembelea ulikuwa ukimfundisha kila asubuhi, goti chini, e kaaro. Mimi nikamwinua kwa mkono mbele yako nikasema mwanangu anasoma, hasuguliwi magoti sakafuni. Mwalimu mmoja alituambia Kiyoruba nyumbani kitamharibia Kiingereza, na mimi niliyeishia darasa la nne nikaona huyo ndiye anayejua. Ukafunga mzigo siku ile ile. Hata njia njema sikukutakia.

Tuliporudi mtoto alilia garini. "Mama, mbona wewe unajua na mimi hukunipa?" Nilitazama dirishani mpaka Iseyin.

Bibi hajatukataa. Amesema Jumamosi baada ya Pasaka binti arudi, lakini aletwe na dada wa baba yake, siyo na mimi. Wasiporidhika siku hiyo, basi, uchumba umekwisha. Na Mosunmola anampenda huyo kijana, wifi, hata chakula hali.

Kwa hiyo nakuomba uje wiki mbili kabla. Mfundishe ulichoanza. Usije kwa ajili yangu. Ukinikuta mlangoni nimepiga goti, pita tu, msalimie mtoto kwanza. Mimi nitabaki chini mpaka utakaponiambia inuka, na usiponiambia, nitapikia hapo hapo.

Nisalimie Baba Olabimpe, na Olabimpe mwenyewe, na Iya Ganiyu jirani yako kama bado yuko. Mungu akulinde barabarani, asikuonyeshe baya.

Ni mimi, mke wa nyumba yenu, ninayekupenda na kukuonea haya,
Awero, Mama Mosunmola